Ndege Wasiovuka Makambako

Mtu akiulizwa historia ya Mbozi huanza na kimondo. Si ajabu. Watu hutoka mbali wakapanda hadi kilima cha Marengi kutazama lile bonge la chuma lililoanguka toka juu, linalokadiriwa kuwa na tani 16, ambalo wenyeji walilijua tangu zamani na wataalamu wa kigeni wakaliandika mwaka 1930. Baada ya kimondo watakutajia Wamoraviani, waliofika upande wa Rungwe mwaka 1891 na baadaye wakaja huku kwetu, ndiyo maana mahali hapa panaitwa Mission mpaka kesho. Halafu kahawa. Halafu barabara ya Zambia na reli ya TAZARA, na mwisho kabisa mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016. Basi, kwisha. Utadhani kabla ya hapo nchi ilikuwa imelala usingizi.

Mie nataka kwenda nyuma zaidi, na mashahidi ninaowaleta si wazee wala faili za misheni. Ni ndege. Tena si hawa kunguru na shorewanda wa kwenye paa. Ni ndege wa msituni, wale wadogo wa kahawia wanaotembea chini chini kwenye majani makavu na kujificha kabla hujawaona vizuri. Nimemaliza kidato cha nne nikiwa nimekariri tarehe za mkutano wa Berlin na majina ya magavana, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kati ya hapa na Morogoro kuna ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na kwamba sababu yao kuwapo imo ndani ya mawe. Kijana anayetaka kuandika riwaya za nchi hii aelewe kwanza nchi yenyewe ilivyofinyangwa. Hayo ni maoni yangu, na mtu anaruhusiwa kuyapinga.

Kuna jambo moja la kushangaza ambalo lazima msomaji alikubali, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Tumezoea kusema ndege hana mpaka, ati ana mabawa, anakwenda apendako. Kwa mbayuwayu na korongo ni kweli. Kwa ndege wa ndani ya msitu wa mlimani si kweli hata kidogo. Huyu amezaliwa gizani, macho yake yamezoea mwanga hafifu wa chini ya miti, chakula chake ni wadudu wa kwenye majani yaliyooza, na ubaridi wa ukungu ndio nyumba yake. Mtoe nje kwenye jua la saa saba mchana, kwenye nyasi na mibuyu, ni kama kumtupa kuku baharini. Spishi nyingi za namna hii hazivuki hata mbuga ya kilometa chache. Anaweza kuruka, ndiyo, lakini haendi.

Kwa hiyo kwake mlima ni kisiwa, na bonde la joto ndilo bahari.

Hebu tupande basi hapa Mlowo asubuhi tuelekee Dar es Salaam. Abiria wengi hulala, na wasiolala hutazama video. Lakini barabara ile, ukiijua, ni kitabu kilichofunguliwa. Tunateremka bonde la mto Songwe, tunapita Mbalizi na Mbeya mjini, na toka Uyole kuendelea, kulia kwetu, ipo milima ya Poroto na nyuma yake Rungwe na Kitulo. Huko juu kuna misitu. Halafu tunatelemka uwanda wa Usangu, Chimala, Igawa, joto linaanza, madirisha yanafunguliwa. Tunapanda tena kidogo na tunafika Makambako, upepo mkavu, vumbi, watu wanauza mahindi ya kuchoma. Hapo Makambako ndipo wataalamu wa mimea na ndege wanapopiga mstari kwenye ramani. Wameliita Pengo la Makambako. Upande tulikotoka ni Nyanda za Juu za Kusini. Upande tunakokwenda inaanza Milima ya Tao la Mashariki, ambayo huanzia Udzungwa na kupita Rubeho, Uluguru, Ukaguru, Nguru, Usambara, Upare, mpaka Taita kule Kenya.

Tunaendelea. Mafinga, Iringa, halafu dereva anaanza kukanyaga breki kwenye kona za Kitonga. Tukifika chini Ruaha Mbuyuni, kila mtu anatoa jasho, mibuyu imetapakaa, wanawake wananyanyua mafungu ya vitunguu dirishani. Sasa kaa vizuri msomaji. Upande mmoja wa bonde hili la Ruaha Mkuu kuna milima ya Udzungwa, na humo anaishi kwale mmoja wa msituni anayeitwa na wanasayansi Xenoperdix udzungwensis. Upande wa pili kuna Rubeho, na humo anaishi kwale mwingine anayefanana naye, lakini si yule, amehesabiwa kuwa spishi peke yake mwaka 2005: Xenoperdix obscuratus. Wako wataalamu ambao bado wanawahesabu kuwa spishi moja yenye matawi mawili, na ubishi huo una maana, maana ndiyo kusema tumewakuta katikati ya safari ya kuachana. Na kilichowaachanisha ndicho hiki tunachokipita tukinunua vitunguu.

Mbele kidogo ni mbuga ya Mikumi, twiga na tembo, pengo jingine. Halafu Morogoro, na Uluguru ukutani kama pazia la kijani kibichi. Juu kule kuna ndege mwenye tumbo la njano na kichwa cheusi ambaye hayupo mlima mwingine wowote, Malaconotus alius, aliyeandikwa mwaka 1927. Na kuna chozi, ndege wa kunyonya maua, ambaye ni wa Uluguru peke yake. Ndugu wa karibu wa chozi huyo yupo, lakini yupo ng'ambo, katika Udzungwa, Ukaguru na Nguru. Baba mmoja, watoto wawili, kila mmoja mlimani kwake. Mkigawana urithi kisha mkakaa kila mtu kwake bila kutembeleana miaka laki kadhaa, wajukuu hawatasikilizana lugha. Ndivyo ilivyo.

Aliyeanza kulifikiria jambo hili kwa makini alikuwa karani. Ninampenda kwa sababu hiyo. Reginald Moreau, Mwingereza, alikuwa mtu wa mahesabu Cairo kabla ya kuhamia Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1928, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hakuwa na shahada ya elimu ya viumbe. Alikuwa na macho, daftari, na watu wa Amani walioujua msitu. Akaanza kujiuliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili angejiuliza: inakuwaje ndege wa aina moja yuko Usambara na pia yuko mlima mwingine mbali kabisa, na katikati hayupo? Alipitaje?

Kuna ndege mdogo mwenye mdomo mrefu kama sindano ambaye amepewa jina la Moreau, Artisornis moreaui. Aliandikwa mwaka 1931 kutoka Amani. Mwaka 1945 akapatikana tena, na si jirani. Alipatikana juu ya uwanda wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, kama kilometa elfu moja kusini. Katikati hakuna hata mmoja aliyewahi kuonekana. Yupo mwingine, mwenye madoadoa kifuani, ambaye yuko Amani, yuko Udzungwa, kisha anaruka mpaka mlima Namuli, Msumbiji. Ni kama kukuta ukoo wenye jina lenu Bagamoyo na mwingine Kigoma, na njia nzima ya reli hakuna anayewajua.

Jibu la Moreau, alilolikamilisha katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1966, lilikuwa hivi. Dunia imepitia enzi za barafu. Ulaya ilipofunikwa na barafu, huku kwetu hali ya hewa nayo ilipoa. Ubaridi ulipoteremka, msitu wa mlimani nao uliteremka nao, ukafika chini mabondeni, misitu ya mlima huu ikashikana mikono na ya mlima ule, ndege wakapita. Dunia ilipopata joto tena, kama miaka elfu kumi na ushee iliyopita, misitu ikarudi juu, ndege wakabaki wamefungiwa visiwani. Ni maelezo mazuri, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyokubaliwa. Wakati huohuo kule Amazoni Mjerumani Jürgen Haffer, ambaye kazi yake ilikuwa jiolojia ya mafuta, aliandika mwaka 1969 kwamba nyakati za ukame msitu ule ulivunjikavunjika kuwa visiwa na ndege wakagawanyika humo. Hapa karani, kule mtu wa mafuta, wote wawili wakisoma ndege kwa kutumia mawe na mvua.

Kisha ikaja elimu ya vinasaba. Kwa kulinganisha vinasaba vya ndege wawili unaweza kukadiria ni lini babu zao waliachana, maana mabadiliko madogo hujilimbikiza kwa muda, kama kutu. Walipopima ndege wa milima yetu wakakuta kwamba wengi hawakuachana juzi wakati wa barafu ya mwisho. Waliachana mamia ya maelfu ya miaka, na wengine mamilioni ya miaka, kabla ya hapo. Saa ya Moreau ilikuwa inakwenda mbele mno. Lakini jambo lenyewe alilishika: milima ni visiwa, mapengo hufunguka na kufunga kwa kufuata mvua na joto, na kila pengo likifunguka kunazaliwa ndege wapya.

Tuiweke basi saa nyuma ilivyo. Zamani sana, miaka kama milioni 20 iliyopita na zaidi, msitu mkubwa ulitanda Afrika ya kati ukaja mpaka huku mashariki. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Ziwa Victoria, yamechimbuliwa matunda na mbegu za miti ya msituni zilizogeuka mawe, zenye umri wa miaka kama milioni 18. Leo pale ni pakame. Kilichotokea ni kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kuinuka na kupasuka. Bonde la Ufa unalolijua kwenye ramani ya darasa la tano ndilo hilo. Na tawi lake la magharibi linapita hapa hapa kwetu. Ukienda kaskazini ya Mbozi hadi ukingoni ukatazama chini Ziwa Rukwa, umesimama kwenye mdomo wa ufa. Katika mawe ya Nsungwe, bonde la Rukwa, wataalamu wamepata majivu ya volkano yaliyowawezesha kuhesabu kwamba ufa huu ulikuwa umekwisha kuanza miaka milioni 25 iliyopita, na katika mawe hayohayo wakapata taya na meno ya nyani wa kale sana, waliotangazwa mwaka 2013. Rukwapithecus, wamemwita mmoja. Angalau Rukwa imepata mtoto mwenye jina lake.

Ardhi ilipoinuka ilizuia unyevu uliokuwa ukisafiri toka upande wa Kongo. Katikati ya nchi pakakauka, nyasi zikaingia, miombo ikaingia. Msitu ule mkubwa ukachanika vipande viwili: wa Kongo kule, na wa kwetu huku mashariki, juu ya milima inayoitazama Bahari ya Hindi.

Bahari hiyo ndiyo siri yenyewe. Maji yake ya vuguvugu yaliendelea kutoa mvuke hata enzi za barafu, na upepo ukaendelea kuupandisha mvuke ule kwenye kuta za Usambara, Uluguru na Udzungwa, ukageuka ukungu na mvua. Si nadharia tupu. Wamechimba matope ya vinamasi vya milimani Udzungwa na Uluguru, wakahesabu chavua za miti zilizofukiwa humo tabaka kwa tabaka, na katika mwaka 2008 na 2009 wakaandika kwamba msitu ulikuwapo muda wote, Uluguru kwa miaka kama 48,000. Ulibadilika kidogo, haukutoweka. Mahali pengine Afrika misitu ilikuwa inakufa na kufufuka, hapo wazee waliendelea kukaa nyumbani kwao.

Sasa linganisha na upande wetu. Mwaka 2005 walichimba chini ya Ziwa Nyasa, wakatoa nguzo ndefu za matope, na matope hayo yakasema maneno ya kutisha. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuja ukame ambao hakuna mwanadamu wa leo aliyewahi kuuona. Ziwa lilishuka kwa mita zisizopungua 600. Ziwa Nyasa! Lile ambalo ukisimama Matema huoni mwisho wake upande wa kusini. Lilibaki dimbwi, na kando yake ilikuwa nusu jangwa.

Ongeza moto. Rungwe na jirani zake ni milima ya volkano. Miamba ya chini kabisa ya Mbozi na Ufipa ina umri wa karibu miaka bilioni mbili, lakini Rungwe, Ngozi na Kiejo ni vijana, wamekaa juu ya wazee hao kama wajukuu mabegani. Miaka kama 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu kubwa, ikamwaga mawe mepesi yenye matundu eneo pana, na tabaka lake lipo hata ndani ya matope ya Ziwa Nyasa. Kiejo ilitema uji wa moto yapata mwaka 1800, yaani juzi tu, babu wa babu zetu wapo. Wakulima wa Tukuyu wanaishukuru ardhi ile kwa ndizi na chai. Ndege wa msituni nadhani walikuwa na maoni mengine.

Na hapa ndipo penye fumbo lililonifanya nishike kalamu. Rungwe una mita 2,960. Ni mrefu kuliko Uluguru. Una msitu mnene, mvua tele kupita kiasi. Kwa akili ya kawaida mlima mkubwa wenye msitu mzuri ungekuwa na ndege wake wa pekee. Hauna. Hakuna spishi hata moja ya ndege wa msituni iliyo ya Rungwe tu. Walioko pale ni wageni waliokaribishwa: shore wa milimani, ndege wa kooni madoa anayeitwa Modulatrix, ambaye ukoo wake una spishi tatu tu dunia nzima, naye toka Usambara amefika mpaka huku na kuvuka hadi vilima vya Misuku, Malawi. Hawa walivuka Makambako wakati fulani pengo lilipofungwa na msitu. Yule kwale hakuvuka. Chozi wa Udzungwa hakuvuka. Yule wa madoadoa kifuani aliyefika Namuli, Rungwe hakuonekana.

Kwa hiyo urefu si hoja, na uzuri wa msitu wa leo si hoja. Hoja ni muda na utulivu. Mlima mfupi ambao mvua haijaukatikia una watoto wengi kuliko jitu la moto lililozaliwa jana. Nionavyo mimi hili ndilo somo kubwa la jiolojia kwa mtu anayependa historia: mahali pasipotokea kitu kikubwa ndipo panapozaa. Tumezoea historia ya milipuko, vita na mapinduzi. Ndege wanasema angalieni pia palipokuwa kimya.

Huyo kwale wa Udzungwa ana kisa ambacho mwandishi wa hadithi hawezi kukiacha. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa kambini ndani ya msitu. Jioni wakaletewa mchuzi wa kuku. Mmoja akatazama kwenye sufuria akaona miguu ambayo si ya kuku anayemjua. Wakauliza, wakafuatilia, na baada ya siku si nyingi wakamwona ndege mwenyewe akichakura majani. Mwaka 1994 akatangazwa duniani kuwa si spishi mpya tu, bali jenasi mpya kabisa. Na ndugu zake walio hai hawako Afrika. Wako Asia, kwale wa milimani wanaoishi toka Himalaya mpaka visiwa vya Indonesia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zamani, mamilioni mengi ya miaka nyuma, misitu ilipita Uarabuni ikaunganisha Asia na Afrika, babu yake akaja kwa miguu, njia ikakauka nyuma yake. Wenzake wote wa Afrika wakafa. Yeye akabaki Udzungwa na Rubeho, kwenye ukungu usiokatika. Kabila zima limepotea, amebaki mzee mmoja na nduguye, na tunakutana naye sufuriani.

Lakini tusicheke haraka. Ili awe sufuriani ilibidi kwanza mtu amtege, amnyonyoe, ajue kwamba analiwa. Kuna waliomjua siku zote. Ni vivyo hivyo kwa kipunji, yule nyani wa Rungwe na Kitulo, ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina, na watafiti walipomwona mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005 gazeti zote zikaandika "agunduliwa". Aligunduliwa na nani? Kipunji, kwa taarifa yako, yuko pia Ndundulu ndani ya Udzungwa. Naye alivuka Makambako, au aliachwa pande zote mbili pengo lilipofunguka.

Yupo mtu ambaye jina lake ningependa vijana wa mpakani tulijue: Jali Makawa, wa Nyasaland, Malawi ya leo. Alifanya kazi miaka mingi na Mwingereza Con Benson kukusanya ndege. Ni Jali aliyempata yule mwenye mdomo wa sindano huko Njesi mwaka 1945. Mwaka 1964, kaskazini magharibi mwa Zambia, alipatikana ndege mmoja mdogo ambaye Benson alimpa jina makawai kwa heshima yake. Huyo ni mmoja tu, hakuonekana tena mpaka leo, na vinasaba vyake vimeleta ubishi kama kweli ni spishi peke yake. Haidhuru. Katika orodha ndefu ya ndege wa Afrika wenye majina ya makapteni, maaskofu na wake za maofisa, yumo Makawa. Ni wachache mno wa namna yake. Ninaposoma "ilikusanywa na Benson" najiuliza ni mguu wa nani uliopanda mlima.

Siye wa Mbozi tuko wapi katika habari hii? Hatuna kwale wetu. Uwanda wetu ni miombo na mashamba ya kahawa na mahindi. Mashariki ni Umalila na Rungwe yenye misitu, magharibi ni Ufipa yenye msitu wake mdogo wa Mbizi juu ya Sumbawanga, na katikati ni sisi. Kwa jicho la ndege wa mlimani Mbozi ni pengo. Naam, tumejenga nyumba ndani ya pengo, tukafungua maduka, tukaweka kituo cha basi. Sioni kuwa ni tusi. Mapengo ndiyo yaliyotengeneza wengine.

Tofauti ni mwendo. Pengo la jiolojia hufunguka polepole, miaka elfu kwa elfu, na linapofunguka lina kawaida ya kufungwa tena. Mlima unabaki na msitu wa kutosha kulea ndege wake mpaka wawe spishi. Pengo la panga na moto hufunguka msimu mmoja. Kule Amani, kwenye msitu wa Moreau, mashamba ya chai na ya vijiji yaliukata msitu vipande katika karne ya 20, na toka miaka ya 1980 mtafiti William Newmark amekuwa akitega nyavu katika vipande hivyo kuhesabu waliobaki. Mwaka 1991 aliandika alichokiona: kipande kikiwa kidogo na kikiwa mbali na msitu mkubwa, ndege wa chini wanapotea, mmoja baada ya mwingine. Hawakupigwa risasi. Hawakuvuka tu. Mita mia chache za chai zilitosha. Katika kipande cha namna hiyo hakuna muda wa kuzaliwa spishi, muda uliopo ni wa kufa tu.

Na karibu zaidi na kwetu ni Bujingijila. Kati ya msitu wa mlima Rungwe na ule wa Livingstone unaopanda Kitulo kuna shingo nyembamba ya msitu yenye jina hilo. Kwa kipunji, kwa shore wa milimani na kwa yule wa kooni madoa, hiyo ndiyo barabara yao ya TANZAM. Imeliwa na mashamba na ukataji wa mbao mpaka ikakaribia kukatika. Hesabu ya kipunji iliyotolewa mwaka 2008 ilikuwa 1,117 dunia nzima, wote wakiwa wamegawanyika Rungwe, Livingstone na Ndundulu. Baada ya hapo watu walianza kupanda miti ya kienyeji pale shingoni, miche ya vitalu, ikapaliliwa kama mahindi. Hiyo ni kazi ambayo zamani ilifanywa na enzi ya barafu. Mti wa msituni unataka miongo kadhaa kufunga kivuli, na ndege wa chini hatapita mpaka kivuli kifunge.